Sura ya Nne: Seli Zilizokataa Kufa

Mkungu haukurupuki kupukutisha majani. Jani huanza kuiva pembezoni, wekundu ukatambaa polepole mpaka kwenye mshipa wa kati, kisha asubuhi moja isiyo na upepo likadondoka lenyewe. Aliyekulia pwani, Tanga au Lamu, amefagia majani hayo uani mpaka akayachukia. Ila kuna somo ambalo ufagio haulifundishi. Vunja tawi la mkungu huohuo likiwa na majani mabichi, litundike ukutani, halafu subiri. Majani yatanyauka, yatageuka kahawia, yatajikunja na kukakamaa, lakini mengi hayatadondoka. Yatabaki yananing'inia siku nenda siku rudi.

Sababu ni kwamba kudondoka ni kazi, na kazi hufanywa na aliye hai. Pale kikonyo kinaposhikana na tawi, mti hutayarisha tabaka jembamba la seli, ukalegeza kinachozigandisha pamoja, kisha ukaliachia jani. Tawi lililovunjika limekufa kabla ya kumaliza kazi hiyo. Ukiona jani chini, jua kuna mti uliolifungua.

Mwaka 1972 watafiti watatu waliokuwa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, walihitaji jina la kitu walichokuwa wakikiona kwenye hadubini. John Kerr, daktari wa magonjwa kutoka Australia, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie, walikuwa wamegundua kwamba seli za mwili hazifi kwa namna moja. Seli iliyomwagiwa sumu au iliyokatiwa damu huvimba, ikapasuka na kumwaga yaliyomo ndani yake. Majirani huungua, pakavimba na kuuma. Hicho ni kifo cha ajali. Lakini zilikuwapo seli nyingine zilizokufa kwa adabu: zilisinyaa, zikajikunja, zikajigawa katika vifurushi vidogo vilivyofungwa vizuri, na seli jirani zikavila vifurushi hivyo kimyakimya. Hapakuwa na uvimbe wala kovu. Profesa wa Kigiriki wa chuo hichohicho, James Cormack, aliwapa neno la kale linalotaja kudondoka kwa majani. Neno hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo: apoptosisi.

Jina lilikuwa zuri kuliko pengine walivyojua wenyewe. Kama kifo hiki kinafanana na kudondoka kwa jani, basi nacho ni kazi. Kama ni kazi, kina zana zake. Na kama kina zana, maelekezo ya kuziunda lazima yawe yameandikwa mahali fulani ndani ya jeni. Swali likawa jepesi kulitamka na gumu kulijibu: utaipataje jeni ambayo kazi yake ni kuua seli inayoibeba?

Mnyoo wa Bristol

Kifo hicho kilikuwa kikijulikana kwa macho tangu zamani. Mkia wa kiluwiluwi hutoweka anapogeuka chura. Mkono wa mtoto tumboni huanza kama kasia, halafu seli zilizo baina ya vidole hufa na vidole vikaachana. Mwenye kujenga nyumba ya ghorofa anaelewa jambo hili bila kusomeshwa. Kabla ya kumwaga zege la dari, mafundi husimamisha mirunda chini yake, msitu mzima wa miti. Zege likishakauka, mirunda hung'olewa. Asiyeing'oa hatapata sebule.

Lakini kuona mirunda iking'olewa si kumjua aliyetoa amri. Panya wa maabara ana seli mabilioni. Inapokufa moja, majirani huila kwa muda mfupi na alama ikapotea. Ukichungulia kipande cha ini lake, unaona seli mbili tatu zikifa, usijue kwa nini hizi na si zile. Alihitajika mnyama ambaye unaweza kusema juu yake: seli hii hapa, saa fulani, itakufa. Halafu uketi ungoje.

Mnyama huyo alichaguliwa na mtoto wa fundi viatu. Sydney Brenner alizaliwa mwaka 1927 Germiston, mji wa machimbo ya dhahabu karibu na Johannesburg. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, na baba yake alishona viatu. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand akiwa na miaka 15. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Cambridge, Uingereza, katika Maabara ya Biolojia ya Molekuli, mmoja wa watu waliosaidia kufumbua jinsi jeni zinavyosomwa. Wengine wangetulia kwenye sifa hizo. Brenner aliona kwamba swali kubwa lililofuata ni jinsi yai moja linavyogeuka kuwa mnyama kamili mwenye neva na misuli, na mwaka 1963 alianza kutafuta kiumbe kidogo kiasi cha kumwezesha kulijibu.

Alimpata udongoni. Anaitwa Caenorhabditis elegans, jina refu kuliko mwenyewe: ana urefu wa milimita moja tu. Anakula bakteria. Hukua kutoka yai hadi utu uzima kwa siku tatu hivi. Wengi wao ni huntha, mmoja ana mbegu na mayai pamoja, anajizalishia peke yake na kuacha watoto karibu 300. Unaweza kumgandisha kwenye baridi kali kwa miaka, ukamyeyusha akaendelea na safari yake. Ukoo ambao maabara nyingi duniani hufuga ulitoka karibu na jiji la Bristol. Na juu ya yote hayo, mnyoo huyu ni kioo. Mwanga unampita. Mambo ya ndani yake unayaona akiwa hai, bila kumpasua wala kumpaka rangi.

Hesabu ya John Sulston

Kuona ndani ni jambo moja, kuketi na kuangalia ni jingine. Aliyeketi ni John Sulston, mtoto wa kasisi wa Kianglikana, mtu wa ndevu na subira. Kwa kutumia hadubini yenye lenzi za Nomarski, zinazoonyesha viini vya seli kama mabonde na vilima vidogo, alianza kufuata seli moja moja: hii imegawanyika, yule binti wa mbele amekwenda huku, wa nyuma amebaki. Alichora kwa mkono, kwa kalamu za rangi mbalimbali. Pamoja naye alifanya kazi Mmarekani Robert Horvitz, aliyefika Cambridge mwaka 1974. Horvitz, mzaliwa wa Chicago, alikuwa amesoma hesabu na uchumi kabla ya kuingia kwenye biolojia. Mwaka 1977 wawili hao walichapisha nasaba ya seli zinazozaliwa baada ya mnyoo kutoka kwenye yai.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi, yai lenyewe. Kiinitete hugawanyika kwa kasi, seli zikipandana kama zabibu kwenye shada. Sulston aliketi mbele ya hadubini vipindi viwili kwa siku, kila kipindi karibu saa nne, kwa mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha nasaba nzima. Kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa na shajara kamili ya mnyama, inayotaja kila seli, mama yake, bibi yake, na ilikoishia.

Ndani ya shajara hiyo zilikuwamo hesabu ambazo wanabiolojia wa seli wanazijua kwa moyo. Ukiziacha seli za uzazi, mnyoo huntha huzalisha seli 1,090. Anapokuwa mtu mzima anabaki na 959. Zile 131 zimekufa njiani. Na si 131 zozote. Ni zilezile katika kila mnyoo, kwa nyakati zilezile, na nyingi kati yake ni za koo zinazozaa neva. Seli inazaliwa, inakaa muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, kisha inajikusanya na kung'aa kama kifungo cha shati. Jirani anaikumbatia. Punde haipo.

Kwa nini kuzalisha kitu ambacho hakitaonja hata saa moja ya kazi? Hapa mfano wa mirunda hautoshi, maana mirunda angalau imebeba zege. Afadhali tumtazame fundi cherehani. Anakata kwa muundo mmoja mashati yote, ya mikono mirefu na ya mikono mifupi, kisha vipande visivyohitajika anaviondoa. Mnyoo naye hurudia mtindo uleule wa kugawa seli sehemu mbalimbali za mwili. Sehemu moja inahitaji seli zote zilizopatikana, nyingine inahitaji chache, na zilizozidi zinakwenda na vipande vya kitambaa. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hapa tungeongeza kwamba hata vinavyozama vimeundiwa kuzama.

Kutafuta mahali pasipo na kitu

Sasa ramani ipo. Jeni itafutwaje?

Njia ya mwanajenetiki ni ya mtoto mtundu: ili kujua kifaa kinafanyaje kazi, haribu sehemu moja, uone nini kimekwama. Unawapa minyoo kemikali inayotibua herufi za jeni ovyoovyo. Huchagui jeni ipi iharibike. Halafu unasubiri mpaka wajukuu, kwa sababu kila jeni ina nakala mbili, na nakala nzima huificha iliyoharibika. Huntha akijizalisha, baadhi ya wajukuu hurithi nakala mbovu pande zote mbili, na hapo ndipo hitilafu inapojitokeza. Ndiyo maana jeni nyingi za mnyoo zimepewa majina ya hasara: jeni huitwa kwa kile kinachoharibika inapokosekana.

Tatizo la kifo ni kwamba hakiachi kitu. Maiti ya seli huliwa upesi mno. Ukikagua maelfu ya minyoo mmoja mmoja, utamtambuaje yule ambaye ndani yake seli haikufa? Ungelazimika kurudia kazi ya Sulston kwa kila mnyoo, na maisha hayatoshi.

Mlango ulifunguliwa kutoka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Mwaka 1983 Edward Hedgecock, Sulston na Nichol Thomson walieleza minyoo wenye hitilafu ya ajabu: seli zao zilikufa kama kawaida, lakini majirani hawakuzila. Maiti zilibaki zimelala pale, vifungo vinavyong'aa, unavihesabu. Jeni mbili zilizohusika ziliitwa ced-1 na ced-2, herufi tatu zinazofupisha maneno ya Kiingereza ya kifo cha seli kilichokwenda kombo. Kwa haraka ungesema hizo ni jeni za wazikaji tu, hazihusiki na kufa kwenyewe. Ndivyo ilivyo. Lakini ukiwa na mji ambao hakuna anayezika, unaweza kuhesabu waliokufa.

Horvitz alikuwa amerudi Marekani mwaka 1978 na kufungua maabara katika chuo cha MIT. Mwanafunzi wake Hilary Ellis aliutumia mji huo usiozika. Aliwachukua minyoo wa ced-1, akawapa kemikali ya kutibua jeni, kisha akapita miongoni mwa wajukuu akitafuta mnyoo mwenye kasoro iliyofichika kuliko zote: asiye na maiti hata moja. Fikiria kazi hiyo. Kisahani baada ya kisahani, mnyoo baada ya mnyoo, vifungo, vifungo, vifungo. Anachokitafuta ni mahali pasipo na kitu.

Alipata. Ndani ya mnyoo huyo hapakuwa na kifungo kimoja, na uchunguzi ulionyesha kwamba maiti hazikuwa zimefichwa mahali: seli zenyewe zilikuwa hai. Zote zilizoandikiwa kufa zilikuwa zimeketi mahali pake kana kwamba hazikupata habari. Jeni iliyoharibika iliitwa ced-3. Ikafuata ya pili yenye athari ileile, ced-4. Mwaka 1986 Ellis na Horvitz walizitangaza zote mbili katika jarida la Cell. Maana yake ilikuwa nzito. Mnyoo mwenye ced-3 nzima, seli zake 131 hufa. Mnyoo ambaye ced-3 yake imeharibika, karibu zote huishi. Basi ced-3 nzima ina kazi, na kazi hiyo ni kuua.

Bado liliwezekana jambo moja: pengine seli inauawa na jirani, na ced-3 ni panga la jirani. Junying Yuan, mtafiti kutoka China aliyekuwa katika maabara ya Horvitz, alilijibu mwaka 1990 kwa kutumia minyoo wenye viraka, baadhi ya seli zikiwa na jeni nzima na nyingine zikiwa hazina. Ilionekana kwamba ced-3 na ced-4 zinahitajika ndani ya seli inayokufa yenyewe. Haikuwa kuuawa. Ni seli iliyojifunga mzigo na kujiondokea.

Na zile zilizokataa kufa, zilifanya nini na umri huo wa nyongeza? Hapa panagusa moyo kidogo. Mwaka 1987 Leon Avery na Horvitz walichukua minyoo wa ced-3, na kwa mwale wa leza wakaua neva moja ya koromeo iitwayo M4, ambayo bila yake mnyoo hawezi kumeza. M4 ina dada yake wa kuzaliwa, seli ambayo katika mnyoo wa kawaida hufa. Safari hii dada alikuwa hai, na mara nyingine aliweza kushika kazi ya marehemu: mnyoo akameza, akala, akakua. Kumbe seli iliyoondolewa haikuwa mbovu. Haikuhitajika tu.

Nani anamshika nani

Baada ya kupata wauaji wawili, ikaonekana kuna mlinzi. Mwaka 1992 Michael Hengartner, Ellis na Horvitz walieleza jeni ya ced-9. Ilikuwa jeni ya pande mbili. Badiliko moja lililoifanya kali kupita kiasi liliziokoa seli zilizopaswa kufa. Mabadiliko yaliyoiua kabisa yalileta maafa: seli zilizopaswa kuishi zilikufa ovyo, na kizazi kilichofuata kikafia ndani ya mayai.

Hapa mwanajenetiki hucheza mchezo ambao hauhitaji hadubini kali, unahitaji akili iliyotulia. Mchukue mnyoo asiye na ced-9, ambaye kizazi chake kitakufa. Mharibie na ced-3 pia. Nini kitatokea? Anaishi, na seli zake hazifi. Ukitafakari, jibu liko wazi. Kama ced-9 ingekuwa mwisho wa njia, kuharibu ced-3 kusingemsaidia. Basi ced-9 iko juu, imewashika ced-4 na ced-3 mkono, nao wakikosekana hakuna wa kushikwa. Ni kama bawabu wa geti lenye mbwa mkali ndani. Bawabu akiondoka mbwa hutoka kuuma. Lakini kama mbwa hayupo, geti likae wazi hata usiku kucha.

Nani basi humwondoa bawabu? Jibu lilitoka kwa minyoo walioshindwa kutaga. Huntha ana neva mbili zinazoamrisha misuli ya kutoa mayai. Katika minyoo fulani wenye hitilafu neva hizo zilikuwa zimekufa bila sababu, mayai yakaanguliwa ndani ya mama, na watoto wakamla kutoka ndani mpaka akabaki mfuko mtupu. Jeni iliyohusika iliitwa egl-1. Mwaka 1998 Barbara Conradt na Horvitz walionyesha kazi yake halisi: ndiyo inayoanzisha kifo. Protini yake humng'ang'ania ced-9 mpaka aiachie ced-4. Ced-4 ikiwa huru hujikusanya na kuiamsha ced-3. Mnyororo ukakamilika kwa viungo vinne: egl-1 humsukuma bawabu, ced-9 ndiye bawabu, ced-4 ni mnyapara, na ced-3 ndiye mwenye kutekeleza.

Herufi za mnyoo, herufi za mtu

Yote haya yangeweza kubaki hadithi ya mnyoo wa milimita moja. Kilichobadilisha mambo ni kusoma herufi za jeni zenyewe na kuzilinganisha na za wanyama wengine.

Mwaka 1993 Yuan, Shai Shaham na wenzao walipoisoma ced-3, walikuta inafanana na kimeng'enya cha binadamu kilichokuwa kikijulikana kwa kazi nyingine, ya kukata protini moja inayoamsha uvimbe wa kinga. Kwa hiyo ced-3 ni mkasi. Hukata protini nyingine mahali maalumu, na seli huvunjika kwa mpangilio. Baada ya hapo mikasi ya aina hiyo ilipatikana ndani yetu, familia nzima inayoitwa kaspesi, na ilithibitika kwamba seli zetu nazo hujivunja kwa mikasi hiyo. Mwaka 1997 maabara ya Xiaodong Wang huko Marekani ilimpata binamu wa ced-4 katika seli za binadamu, Apaf-1.

Bawabu alikuwa na kisa kirefu zaidi, kwa sababu ndugu yake wa kibinadamu alikuwa ameshakamatwa, ila kwa kosa ambalo hakulifanya. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Marekani waliichunguza saratani moja ya seli za kinga ambamo kipande cha kromosomu ya 18 hujibandika kwenye ya 14. Pale kwenye kiungo walikuta jeni wakaiita bcl-2. Wakati huo kila jeni ya saratani ilidhaniwa kazi yake ni moja, kuchochea seli igawanyike. Mwaka 1988, Melbourne, Australia, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams waliiweka bcl-2 ndani ya seli za damu, kisha wakazinyima kichocheo zinachokihitaji ili kuishi. Seli hazikugawanyika. Wala hazikufa. Zilikaa tu. Bcl-2 haikuwa inachochea kuzaliana. Ilikuwa inazuia kufa.

Tafakari uzito wake. Tulikuwa tumezoea kuifikiria saratani kama kizazi kisichojua kukoma. Sasa iligundulika kwamba bwawa hujaa pia mfereji wa kutolea maji ukizibwa, hata kama bomba la kuingizia halikufunguliwa zaidi.

Vaux alihamia Stanford, na mwaka 1992, pamoja na Irving Weissman na Stuart Kim, aliichukua bcl-2 ya binadamu akaitia ndani ya mnyoo. Vifo vya seli za mnyoo vikapungua. Jeni kutoka kwa mtu iliifahamu kazi ndani ya kiumbe ambaye babu yake na babu yetu waliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Miaka miwili baadaye Hengartner na Horvitz walieleza kwamba ced-9 na bcl-2 ni ukoo mmoja. Mlolongo uliochorwa kwa minyoo wa Bristol ulikuwa, katika mifupa yake, mlolongo wetu.

Anga la Kampala

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kulijua jambo hili kwa karibu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Aliendelea kukutana na watoto wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika juu ya ugonjwa wao. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt, na ni miongoni mwa saratani zinazowapata watoto wengi katika maeneo yetu yenye malaria kali.

Seli za uvimbe huo hugawanyika kwa kasi kubwa mno, kwa kuchochewa na jeni iitwayo myc. Lakini daktari akikiweka kipande chake kwenye hadubini, anaona kitu kingine. Katika uwanda mzito wa seli za buluu zilizobanana kuna matundu meupe yametawanyika, na madaktari wameyaita anga lenye nyota. Kila nyota ni seli ya kinga iliyoshiba. Imekula vifurushi vya seli za saratani zilizokufa kwa apoptosisi, vilevile kama jirani wa mnyoo anavyokula kifungo. Hata ndani ya uvimbe uliokosa breki, seli nyingi bado huisikia amri na kuitii. Uvimbe unakua kwa sababu waliokaidi ni wengi kuliko waliotii.

Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona ndani ya seli zake kirusi kipya, kinachoitwa leo Epstein-Barr. Miaka mingi baadaye jeni za kirusi hicho ziliposomwa, miongoni mwake ilikutwa moja ya ukoo wa bcl-2. Kirusi kinachotaka kukaa muda mrefu ndani ya seli kinajua kwamba mwenye nyumba anaweza kujiua ili amtoe mgeni. Kwa hiyo kimekuja na bawabu wake.

Neno la egl-1

Mwaka 2002 Brenner, Sulston na Horvitz walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Sulston alifariki mwaka 2018, Brenner mwaka uliofuata. Lakini tuzo haikuwa mwisho wa mnyororo ule wa viungo vinne.

Kumbuka kiungo cha kwanza: egl-1, protini inayomng'ang'ania bawabu mpaka aachie. Binadamu tuna ndugu zake kadhaa, na sehemu yao inayomshika Bcl-2 ni fupi, kama ufunguo unaoingia kwenye tundu lililo mgongoni mwake. Wanakemia walilitazama tundu hilo, wakajiuliza kama wangeweza kuchonga ufunguo wa bandia, mdogo kiasi cha kumezwa. Ilichukua miaka mingi. Mwaka 2016 dawa iitwayo venetoclax iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu, ambayo seli zake hujaa mwilini kwa kuwa Bcl-2 imezizuia kufa.

Dawa nyingi za zamani za saratani huipiga seli sumu. Hii inaingia kwenye tundu, inamsukuma bawabu pembeni, na kuiacha seli ifanye ilichokuwa ikijua kukifanya tangu mwanzo: isinyae, ijikunje, ijifunge vifurushi, iliwe. Ni jani ambalo tawi lilishindwa kuliachia, sasa limefunguliwa kikonyo. Na neno ambalo kidonge hicho huitamkia seli ni lilelile ambalo mnyoo wa udongoni, asiyeonekana vizuri kwa macho, huzitamkia seli zake 131 kila anapozaliwa.